Fedha za Hafla za Hisani: Namna Klabu za Huduma Zinavyopaswa Kutunza Michango ya Wananchi

Na Mwandishi Wetu

Matembezi ya hisani, mbio, chakula cha jioni, minada na bahati nasibu ni shughuli zilizozoeleka katika miji mingi ya Tanzania. Nyingi kati ya hizo huandaliwa na klabu za huduma kwa ajili ya kuchangia matibabu ya macho, madawati ya shule, visima vya maji au vifaa vya hospitali. Mwananchi hununua tiketi, hupewa fulana au sahani ya chakula, kisha hurejea nyumbani akiamini kwamba fedha yake imeanza safari ya kumfikia mwenye shida. Baada ya muziki kuzimwa na viti kukusanywa, hata hivyo, hubaki maswali ya msingi: fedha hizo hulala wapi, nani ana mamlaka ya kuzigusa, na mchangiaji atajuaje kwamba zimefika zilikokusudiwa?

Kwa klabu zenye mtandao wa kimataifa kama Lions na Rotary, majibu ya maswali hayo yamo katika katiba na kanuni zao za fedha. Msingi wa kanuni hizo ni mmoja: fedha iliyochangwa na umma haigeuki kuwa mali ya klabu. Klabu huishika kwa dhamana tu, mpaka itakapotumika kwa jambo lililotangazwa wakati wa kuichanga. Mwananchi anayeuelewa msingi huo ana uwezo wa kupima klabu yoyote inayomwomba mchango, iwe ya kimataifa au ya mtaani kwake.

Klabu moja, maisha mawili

Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris. Lions ilifuata katika mji huohuo mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, aliyekuwa mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925, Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia aliyejulikana duniani kwa utetezi wa watu wenye ulemavu, aliihutubia Lions na kuiomba isimame upande wa wasioona. Tangu wakati huo huduma za macho zimekuwa miongoni mwa kazi zinazoitambulisha. Kwa upande wake, Rotary imejulikana zaidi kwa kampeni ya kutokomeza polio iliyoanza mwaka 1985.

Klabu za aina hii zina maisha mawili. La kwanza ni la undugu wa wanachama wenyewe: hukutana, hula pamoja, hulipa ada, huchagua viongozi na husafiri kwenda kwenye makongamano. La pili ni la huduma kwa jamii, ambalo kwa sehemu kubwa hutegemea michango ya watu wasio wanachama. Watu wanaoyaendesha maisha hayo mawili ni walewale, na mara nyingi mhazini ni yuleyule. Hapo ndipo hatari ya kuchanganya fedha inapozaliwa, hata pasipo nia mbaya.

Mifuko miwili isiyochanganywa

Ili kuzuia mchanganyiko huo, katiba ya mfano ya klabu za Lions inaitaka kila klabu kuwa na angalau mifuko miwili inayotunzwa kwa hesabu tofauti. Mfuko wa kwanza ni wa utawala. Humo huingia ada za wanachama na fedha nyingine zinazopatikana ndani ya klabu. Katika mikutano ya Lions yupo hata mwanachama mwenye kazi ya kuchangamsha kikao kwa kuwatoza wenzake faini ndogo za utani. Faini hizo nazo huhesabiwa katika mfuko huu, kwa kuwa zimetoka mifukoni mwa wanachama.

Mfuko wa pili ni wa huduma. Humo huingia fedha yote iliyopatikana kwa kuomba msaada wa umma: mauzo ya tiketi, michango ya wafadhili, mapato ya mnada, na hata mali aliyoiacha mtu kwa wosia. Aidha, faida inayotokana na kuwekeza fedha hizo, kama vile riba ya benki, nayo hubaki kuwa fedha ya umma. Klabu haiwezi kuweka michango ya wananchi benki kwa mwaka mzima, kisha ikachukua riba kulipia karamu ya wanachama.

Rotary nayo ina utaratibu unaofanana na huo. Kanuni ndogo zinazopendekezwa kwa klabu zake zinagawa fedha katika sehemu mbili: uendeshaji wa klabu na miradi ya huduma.

Jambo la kuzingatia ni mwelekeo wa fedha kati ya mifuko hiyo. Wanachama wakitaka kuongeza nguvu katika mradi, wanaweza kutoa fedha kutoka mfuko wa utawala kwenda mfuko wa huduma, kwa kuwa fedha hiyo ni yao. Njia ya kurudi imefungwa. Fedha ya umma hailipi pango la ofisi ya klabu, nauli ya wajumbe wa kongamano, wala zawadi za kuwaaga viongozi wanaomaliza muda wao. Hata kuiazima kwa ahadi ya kuirejesha ada zitakapolipwa ni kuvunja dhamana, kwa sababu wakati imeazimwa, mgonjwa au mwanafunzi aliyechangiwa anaendelea kusubiri.

Gharama gani zinaruhusiwa kukatwa?

Baadhi ya wananchi hudhani kwamba kila shilingi waliyotoa kwenye hafla humfikia mlengwa. Kanuni za Lions zinaruhusu gharama za moja kwa moja za kuendesha hafla yenyewe zikatwe kwenye makusanyo, na kinachobaki ndicho kinachopaswa kurejeshwa kwa umma. Gharama za moja kwa moja ni zile ambazo zisingekuwepo kama hafla isingefanyika: ukumbi, chakula cha wageni, vipaza sauti, uchapaji wa tiketi na mabango.

Tuchukulie mfano wa klabu iliyoandaa chakula cha jioni kwa ajili ya kununua madawati. Imeuza tiketi 200 kwa shilingi 100,000 kila moja, hivyo kupata shilingi 20,000,000. Wadhamini wametoa shilingi 12,000,000 na mnada umeingiza shilingi 3,000,000. Makusanyo yote ni shilingi 35,000,000. Ukumbi na chakula vimegharimu shilingi 8,000,000, muziki na mapambo shilingi 2,500,000, na uchapaji shilingi 500,000, jumla shilingi 11,000,000. Kiasi halisi kinachopaswa kwenda kwenye madawati ni shilingi 24,000,000.

Sasa tuseme viongozi wa klabu hiyo wanaongeza katika orodha ya gharama shilingi 1,200,000 za pango la ofisi na shilingi 3,000,000 za nauli za wajumbe wanaokwenda kwenye kongamano. Kwenye karatasi, matumizi hayo yanaweza kuonekana ya kawaida, kwa kuwa ni kweli klabu ina ofisi na ina wajumbe. Lakini matumizi hayo yangekuwepo hata kama hafla isingefanyika, hivyo ni ya mfuko wa utawala. Shilingi 4,200,000 zimeondoka. Iwapo dawati moja linagharimu shilingi 120,000, yamepotea madawati 35; na iwapo kila dawati linakaliwa na wanafunzi watatu, watoto 105 wamekosa mahali pa kukaa.

Mfano huohuo unaonesha jambo lingine. Hata katika hesabu safi, karibu theluthi moja ya makusanyo imetumika kuandaa hafla. Hilo si wizi, lakini ni taarifa ambayo mchangiaji anastahili kupewa. Ndiyo maana waandaaji makini hutafuta kwanza wadhamini wa kugharamia ukumbi na chakula, ili fedha ya tiketi iende kwenye lengo, na hutangaza makusanyo, gharama na salio kwa pamoja. Klabu inayotaja makusanyo pekee imesimulia nusu ya habari.

Kutoka mlangoni hadi benki

Fedha taslimu huwa katika hatari kubwa zaidi katika saa chache za mwanzo, kabla haijaandikwa mahali popote. Kwa sababu hiyo, usimamizi mzuri huanza kabla ya siku ya hafla. Tiketi huchapwa zikiwa na namba za mfululizo, na kila mwanachama anayepewa tiketi za kuuza husaini idadi na namba alizopokea. Baada ya hafla hurejesha fedha au tiketi zisizouzwa. Tiketi ambayo haikurejeshwa huhesabiwa kuwa imeuzwa, na aliyepewa hudaiwa fedha yake.

Mlangoni, mtu anayepokea fedha hapaswi kuwa ndiye anayeandika hesabu. Fedha huhesabiwa na watu wasiopungua wawili, wote husaini karatasi ya makusanyo, na kiasi chote hupelekwa benki siku ya kazi inayofuata. Neno la kuzingatia hapa ni “chote”. Kumlipa mpiga muziki au mpishi kutoka kwenye kapu la mlangoni huonekana kurahisisha kazi, lakini huacha hesabu isiyoweza kukaguliwa, kwa kuwa taarifa ya benki haitalingana tena na tiketi zilizouzwa.

Malipo kwa njia ya simu yamerahisisha uchangiaji, na yana faida ya kuacha kumbukumbu ya kila muamala. Faida hiyo hupotea pale mchango unapotumwa kwenye namba binafsi ya kiongozi. Fedha ikiingia kwenye simu ya mtu, huchanganyika na fedha za familia na biashara yake. Akifariki, akisafiri au akigombana na wenzake, klabu haina namna rahisi ya kuipata. Namba ya malipo na akaunti ya benki zinapaswa kusajiliwa kwa jina la klabu, na jina hilo ndilo mchangiaji analopaswa kuliona kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha malipo.

Ahadi na michango ya vitu

Katika harambee nyingi, sehemu kubwa ya kinachotangazwa ukumbini huwa ni ahadi. Mgeni husimama, hutaja kiasi, hupigiwa makofi, na jumla husomwa kana kwamba fedha yote ipo mezani. Katika vitabu vya hesabu, ahadi si fedha. Huandikwa katika daftari lake pamoja na jina la aliyeahidi, kiasi na tarehe ya kulipa, na huhamishiwa kwenye mapato pale tu inapolipwa. Klabu inayosaini mkataba wa ujenzi kwa kutegemea ahadi hujikuta na msingi uliochimbwa bila fedha ya kupandisha ukuta.

Michango ya vitu, kama mifuko ya saruji, mabati, miwani au dawa, nayo ni mali ya umma na inahitaji utaratibu ule ule. Kila kilichopokelewa huandikwa idadi na thamani, hutunzwa mahali palipofungwa, na hutolewa kwa hati iliyosainiwa na anayekabidhi na anayepokea. Mfuko wa saruji unaotoweka stoo hauna tofauti na noti inayotoweka kwenye kapu.

Nani anaidhinisha matumizi?

Kwa mujibu wa katiba ya mfano ya Lions, mhazini hufanya malipo kwa idhini ya bodi ya klabu pekee. Kanuni zinazopendekezwa na Rotary zinataka kila ankara ilipwe baada ya kuidhinishwa na viongozi wengine wawili. Maana ya masharti hayo ni kwamba hakuna mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, anayeweza kuomba fedha, kuidhinisha na kulipa peke yake. Utaratibu huo humlinda pia mhazini, kwani siku ya kuulizwa ana muhtasari wa kikao na saini za wenzake.

Masharti huongezeka pale klabu inapopata ruzuku kubwa. Klabu ya Rotary inayopokea ruzuku ya kimataifa kutoka Taasisi ya Rotary husaini makubaliano ya usimamizi wa fedha, hutumia akaunti ya benki iliyotengwa kwa ajili ya ruzuku hiyo, huwa na watia saini wasiopungua wawili, na hutunza nyaraka kwa muda usiopungua miaka mitano.

Eneo jingine linalohitaji umakini ni mgongano wa maslahi. Klabu hizi hukusanya wafanyabiashara na wataalamu, hivyo si ajabu mjumbe wa bodi akawa ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi au kiwanda cha madawati. Kumnunulia mwanachama bidhaa si kosa kwa kila hali, hasa anapouza kwa bei ya chini. Hata hivyo, anapaswa kutamka maslahi yake, kutoka nje ya kikao wakati wa uamuzi, na bei yake kulinganishwa na za wauzaji wengine kwa maandishi.

Mwisho wa mwaka, vitabu hukaguliwa na wanachama hupewa taarifa ya fedha. Ukaguzi hupata maana pale anayeufanya ana ujuzi wa hesabu na hakushiriki kuidhinisha malipo anayoyakagua.

Sheria za nchi zinasemaje?

Kanuni za ndani za klabu haziondoi wajibu wake kwa sheria za nchi. Nchini Tanzania, chama cha wanachama kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inayosimamiwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, iliyo chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Vilevile, wadhamini wa taasisi husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ili mali iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini badala ya jina la mtu mmoja.

Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinayataka kuweka wazi kwa umma vyanzo vya fedha, matumizi na madhumuni yake ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha zoezi la kuchangisha. Mashirika hayo pia huwasilisha taarifa ya mwaka ya kazi na ya fedha.

Klabu inayotaka kuchezesha bahati nasibu katika hafla yake inapaswa kuwasiliana mapema na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, kwa kuwa shughuli hiyo inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Lengo jema la hafla haliondoi hitaji la kibali.

Kuhusu kodi, kuitwa klabu ya hisani hakutoshi kupata nafuu. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, taasisi hutambuliwa kuwa ya hisani baada ya Kamishna wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kutoa uamuzi. Mfanyabiashara anayechangia anashauriwa kuuliza hadhi hiyo na kutunza stakabadhi kabla ya kuhesabu mchango wake katika marejesho ya kodi.

Pale fedha inapochukuliwa kwa nia ya kujinufaisha, suala hilo huvuka mipaka ya nidhamu ya klabu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inautambua wizi unaofanywa na mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine kuwa kosa la jinai. Vikao vya usuluhishi wa ndani havifuti kosa hilo, na mwananchi mwenye ushahidi ana haki ya kulifikisha Polisi.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuchangia

Mwananchi hahitaji utaalamu wa uhasibu ili kulinda mchango wake. Maswali machache yanatosha:

1. Klabu imesajiliwa wapi, na kwa namba gani?
2. Fedha zinachangwa kwa ajili ya mradi gani, mahali gani, na utakamilika lini?
3. Akaunti au namba ya malipo ina jina la nani?
4. Gharama za hafla zitalipwa na nani: wadhamini, wanachama au fedha ya tiketi?
5. Fedha ikizidi mahitaji ya mradi, au mradi ukishindikana, salio litakwenda wapi?
6. Taarifa ya makusanyo, gharama na salio itatolewa lini, na kwa njia gani?

Swali la tano husahauliwa mara nyingi, ingawa ndilo lenye mzozo mwingi. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya upasuaji wa macho haiwi huru kwa sababu wagonjwa wamekuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Inapaswa kubaki katika mfuko wa huduma na kuelekezwa kwenye lengo linalofanana, na waliochangia kuarifiwa.

Klabu iliyojipanga haioni maswali haya kuwa ni dharau, kwa kuwa majibu yake yako tayari kwenye vitabu. Wananchi nao wanahimizwa kuendelea kuchangia na kuomba stakabadhi kila wanapotoa, hata kama kiasi ni kidogo na hata kama anayepokea ni jirani au rafiki. Ni kwa stakabadhi hizo mkaguzi anaweza kulinganisha kilichotolewa na wananchi na kilichoingia benki.